Nani Anaiwasha Laptopu Uliyoizima?

Katika vyumba vya kuchapa na kutoa kopi vya Butembo, mashariki mwa Kongo, vile vyenye kibao cha "secrétariat public" mlangoni, kuna lalamiko ambalo kila fundi wa kompyuta amelisikia. Laptopu imeamriwa "Arrêter", yaani zima, kioo kimeingia giza, na kabla mwenyewe hajafunga zipu ya mkoba, nembo ya kiwanda inatokea tena. Imewaka upya. Wengine hurudia mara ya pili na ya tatu, kisha hushikilia kitufe mpaka mashini ife kwa nguvu. Wengine huiacha ikiwaka usiku kucha. Mwishowe wengi huipeleka kwa fundi, naye mara nyingi mno huwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: kuformati.

Dawa hiyo imewaumiza watu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho pale Université Catholique du Graben, au katika vyuo vya Beni, huwa ameweka TFC yake, kazi ya kumalizia masomo, kwenye diski hiyo hiyo, na mara nyingi hana nakala nyingine popote, kwa kuwa bando la kupandisha faili kwenye intaneti ni ghali na flashi imeshapotea. Akirudishiwa mashini, kazi ya miezi imekwenda. Kibaya zaidi, mara nyingi tatizo lenyewe halikuwa kwenye diski. Lilikuwa kwenye BIOS, ile programu ndogo inayokaa ndani ya chipu ya kadi mama; au lilitoka kwenye waya wa umeme; au kwenye kitufe kilichojaa vumbi. Diski inaweza kufutwa kila wiki na mashini ikaendelea kujiwasha vilevile.

Kwa hiyo uchunguzi uanze na swali moja: mashini ilizimika kwanza ndipo ikaamshwa, au haikuwahi kuzimika? Ni mambo mawili yenye sababu tofauti na matibabu tofauti, ingawa kwa mwenye haraka yanafanana. Fundi mzuri humuuliza mteja kabla ya kugusa bisibisi: "Mama, taa zote zinazima kwanza, ama nembo inarudi papo hapo? Na chaja inakuwa imechomekwa?" Kama taa zote zinazima, feni inanyamaza, na mashini inawaka dakika moja au kumi baadaye, basi kuna kitu kinaiamsha. Kama inazunguka tu kutoka maneno ya kuaga hadi nembo bila kutulia, ama kuna kitu kinakwama njiani, ama kuna programu iliyoagiza hivyo.

Kuamshwa kunawezekana kwa sababu laptopu iliyozimwa haijafa. Kompyuta za mezani za zamani zilikuwa na swichi iliyokata umeme wenyewe, ukiibonyeza, basi. Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walitoa kanuni iitwayo ACPI, iliyokabidhi kazi ya kuzima kwa mfumo endeshi. Tangu hapo kitufe kikibonyezwa mara moja kinatuma ombi tu. Hali inayoitwa S5, ambayo ndiyo kuzimwa kwa siku hizi, hubakiza umeme kidogo kwa chipu moja ndogo inayosimamia kitufe, kifuniko, betri na chaja. Chipu hiyo iko macho maadamu kuna betri au chaja, kama zamu anayekesha mlangoni. Inangoja ishara, na ishara inaweza kutoka kwenye kidole cha mtu au kwenye kitu kingine kabisa.

Mara nyingi chanzo cha ishara hiyo kilikuja na mashini yenyewe. Wafanyabiashara wa Butembo wamejulikana kwa miongo kadhaa kwa kufuata bidhaa hadi Dubai, Hong Kong na Guangzhou. Mizigo yao hushukia Mombasa, hukatiza Uganda na kuingia kwa mpaka wa Kasindi. Laptopu nyingi zinazouzwa mjini ni za mitumba: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Ni mashini ngumu zilizotengenezwa kwa ajili ya makampuni, na ndiyo maana bado zinafanya kazi baada ya kutumika miaka ofisini kwingine. Lakini zilipangwa kwa mahitaji ya ofisi. Idara ya kompyuta ya kampuni hupenda kuziamsha mashini usiku ili ziingize masasisho watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo huweka kwenye BIOS saa ya kujiwasha, au ruhusa ya kuamshwa kupitia waya wa mtandao, au agizo la kuwaka mara tu chaja inapopata umeme. Agizo hili la mwisho utalikuta kwenye Dell likiitwa "Wake on AC", na kwenye ThinkPad "Power On with AC Attach". HP nao wana la kwao. Aliyeuza mashini alifuta diski na kuweka Windows mpya, BIOS hakuigusa. Mnunuzi wa Butembo anarithi maagizo ya ofisi asiyoijua.

Pale umeme usipokatika, agizo kama hilo linaweza kukaa miaka bila mtu kuligundua. Huku linageuka adha ya kila siku. Butembo ni mji mkubwa uliokua kwa muda mrefu bila kutegemea nyaya za SNEL, shirika la umeme la taifa. Watu wameishi kwa jenereta, kwa mitambo midogo ya maji na kwa makampuni binafsi. Upande wa Rwenzori, hifadhi ya Virunga ilizindua kituo cha umeme wa maji cha Mutwanga mwaka 2013, na maeneo ya jirani yakaanza kuona taa. Lakini hata anayeupata umeme anajua kwamba hukatika na kurudi. Fikiria chumba cha kuchapa chenye laptopu nne na printa mbili kwenye waya mmoja. Saa kumi na mbili jioni mwenye chumba anazima zote, anaacha chaja zimechomekwa, anaanza kufagia. Umeme unakatika kidogo, jenereta la jirani linapokea, waya unapata nguvu tena. Laptopu tatu zinabaki kimya. Moja inawaka, na mwenyewe anasema imekataa kuzima. Ilizima vizuri kabisa, kisha ikatii agizo la kuwaka umeme unaporudi.

Masereka, huko milimani kwa wakulima wa viazi na vitunguu, jambo hili huja kwa sura nyingine. Nyumba yenye paneli ya jua hupitisha umeme kwenye betri kubwa na inverta. Betri ikishuka, inverta inajikata. Ikipumzika na kupanda kidogo, baadhi ya inverta hurudi zenyewe. Laptopu yenye agizo la kuwaka na chaja inaamka, inavuta umeme, betri inashuka tena, inverta inakata tena. Mzunguko huo ukiendelea usiku mzima, mwalimu anakuta asubuhi betri ya nyumba imekauka na laptopu haina kitu. Anayelaumiwa ni paneli, au betri iliyonunuliwa kwa fedha nyingi, na mtu anaweza kugharimika kununua nyingine kwa kosa la mstari mmoja katika BIOS.

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji fundi. Zima mashini, chomoa chaja upande wa laptopu yenyewe, subiri dakika kumi. Ikibaki kimya, chomeka. Ikiwaka hapo hapo, mhalifu amepatikana. Ingia BIOS wakati wa kuwasha (Dell kwa F2, ThinkPad kwa F1, HP kwa F10), tafuta ukurasa wa umeme, zima agizo hilo, hifadhi, toka. Ukiwa humo, angalia pia saa ya kujiwasha, kuamshwa kwa mtandao, na kuwaka kwa kufunuliwa kifuniko. Hili la kifuniko lina kisa chake: laptopu iliyowekwa begani kwenye taxi-moto, bawaba zimelegea, barabara ina mashimo, kifuniko kinafunuka kidogo, sumaku inaachana na kihisi chake, na mashini inawaka ndani ya mkoba uliofungwa. Mtu anafika Beni ameshika kitu cha moto chenye betri tupu.

Vitu vilivyochomekwa kwenye USB navyo vinaweza kuamsha: modemu ya intaneti, kipokezi cha panya isiyo na waya. Chomoa vyote kabla ya jaribio lolote.

Upande wa pili ni wa mashini ambayo haikufika kuzima, na hapa Windows ndiyo yenye mengi ya kujibu. Tangu Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, "Arrêter" ya kawaida haizimi kila kitu. Mfumo unafunga programu zako na kukutoa, lakini kiini chake pamoja na draiva zake (programu zinazoendesha vifaa vya mashini) kinaandikwa kwenye diski katika hali kilichokuwa nayo, ili kesho kirudishwe upesi. Ndiyo "démarrage rapide". Kwa mashini mpya yenye draiva sahihi ni msaada. Kwa mashini ya miaka kumi yenye draiva za kuokoteza, ni chanzo cha matatizo, kwa sababu draiva moja ikishindwa kujilaza, zoezi zima linavunjika na mashini inarudi kuwaka.

Ili kulijaribu hilo, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya "Arrêter". Hapo Windows inazima kikamilifu, bila kuhifadhi kiini. Ukitaka kwa amri, fungua dirisha la amri uandike shutdown /s /t 0. Ikizima na kubaki imezimika kwa njia hiyo, huku kwa njia ya kawaida inarudi, umeshapata jibu. Nenda "Panneau de configuration", kisha "Options d'alimentation", kisha mahali pa kuchagua kazi za vitufe. Bofya mstari wa kufungulia mipangilio iliyozuiwa, toa alama kwenye "Activer le démarrage rapide", hifadhi. Mashini itachelewa sekunde kadhaa kuwaka asubuhi. Kwa maoni yangu ni bei ndogo, na mafundi wa Butembo wangefanya vema kuizima "démarrage rapide" kwenye kila laptopu ya mitumba inayopita mikononi mwao.

Kuna kosa linalojificha zaidi. Windows, kwa mpangilio wake wa kiwandani, ikianguka vibaya inajiwasha upya yenyewe. Ikianguka katikati ya kazi, unaona kioo cha buluu na unajua kuna hitilafu. Ikianguka sekunde ya mwisho ya kuzima, huoni chochote: ulitaka kuzima, imewaka. Si jambo jipya. Mwaka 2001, Windows XP ilipotoka, wengi waliokuwa na programu ya kuchoma CD iitwayo Easy CD Creator 5 walikutana na hali hiyo hiyo, na sababu ilikuwa draiva ya programu hiyo kuanguka wakati wa kuzima. Ili kuliona kosa, fungua mipangilio ya juu ya mfumo, sehemu ya "Démarrage et récupération", uondoe alama ya "Redémarrer automatiquement". Safari nyingine mashini itasimama kwenye kioo cha buluu na jina la kosa. Ukisoma DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, ujue kuna draiva iliyogoma kulala. Aghalabu ni ya kadi ya mtandao, ya wifi au ya kadi ya picha. Chukua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu kwa kufuata jina kamili la modeli lililoandikwa chini yake.

Ndiyo maana kuformati kunaweza hata kuuleta ugonjwa ambao haukuwepo. Fundi anaweka Windows kutoka kwenye flashi, kisha pakiti moja ya draiva inayodaiwa kufaa mashini zote. Wifi inashika, sauti inatoka, mteja analipa. Baada ya siku chache laptopu haizimi.

Windows yenyewe inaandika kila kilichotokea, na inasikitisha kuona daftari hilo linavyopuuzwa. Fungua "Observateur d'événements", kwenye rekodi za mfumo. Namba 1074 inataja ni programu gani au mtumiaji gani aliyeomba kuzima au kuwasha upya. Namba 6006 inaonyesha kwamba kuzima kulikwenda sawa. Namba 41 inasema mashini iliwaka tena bila kuwa imezimwa ipasavyo, iwe kwa kuanguka au kwa kukosa umeme. Soma daftari baada ya kuondoa "démarrage rapide", maana ikiwa imewashwa, kuzima kunaandikwa kwa namna inayopotosha. Ukikuta 6006 na baada ya dakika tano mashini imewaka bila 41 yoyote, rudi kwenye BIOS na chaja. Ukikuta 41 kila jioni, shughulika na draiva. Ukikuta 1074 inayosema wazi kuwasha upya, soma jina la programu iliyoagiza.

Mara nyingi jina hilo litakuwa la masasisho. Kwa mtu anayenunua megabaiti chache kila siku, sasisho kubwa hushuka vipande vipande kwa wiki kadhaa, halafu likadai kuingizwa jioni ambayo jenereta linakaribia kuzimwa. Kuwaka upya mara moja au mbili wakati huo ni sehemu ya kazi. Mtu akikata umeme katikati anaweza kubaki na mfumo uliovunjika. Lakini Microsoft nao wamekosea. Kwa muda mrefu, chaguo la kusasisha kisha kuzima liliweza kusasisha halafu kuiacha mashini ikiwaka. Marekebisho yake kwa Windows 11 yalitoka mwishoni mwa Oktoba 2025. Kisha, tarehe 13 Januari 2026, sasisho la usalama la Windows 11 toleo la 23H2 lilisababisha baadhi ya mashini zenye ulinzi uitwao Secure Launch ziwake upya kila zilipoambiwa zizime. Marekebisho ya dharura yalitolewa tarehe 17 mwezi huo huo, na kwa siku hizo njia ya kuzima ilikuwa ile ile amri ya shutdown /s /t 0. Tatizo lilihusu hasa matoleo ya makampuni, kwa hiyo wa kujihadhari nalo ni ofisi zenye laptopu za namna hiyo. Beni nako ofisi zimeongezeka, maana serikali ya mkoa wa Kivu Kaskazini ilihamia huko baada ya Goma kuchukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025.

Walio wengi wangali na Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida kutoka Microsoft ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini zao ni kongwe mno kukubaliwa rasmi na Windows 11. Baadhi wanahamia Linux, na ninawaunga mkono. Wajue tu kwamba nako tatizo hili lilikuwepo. Mwaka 2012 na 2013 watengenezaji wa kiini cha Linux waliona kwamba baadhi ya mashini zenye chipu za Intel za familia za Panther Point na Lynx Point zilikuwa zikijiwasha baada ya kuzimwa, kwa sababu ya kidhibiti cha USB 3. Waliingiza marekebisho ndani ya kiini. Chipu hizo ni za mashini za kizazi cha tatu na cha nne cha Intel Core, ambazo bado zinauzwa kwetu. Anayeweka Linux achague toleo jipya, asitumie CD ya zamani iliyolala kabatini.

Vikishindikana vyote hivyo, ndipo bisibisi ichukuliwe. Vumbi jekundu la barabara za Bulengera na Kimemi, likichanganyika na unyevunyevu na chai iliyomwagika, hugandisha kitufe cha kuwashia. Kikibaki kimebonyea nusu, chipu inasoma kwamba mtu anawasha. Kukisafisha kwa spiriti na brashi laini kunatosha mara nyingi. Betri ndogo ya saa ikifa, tarehe inaruka na mipangilio ya BIOS inaweza kurudi ya kiwandani, na huenda baadhi ya maagizo uliyoyazima yakawashwa tena. Kwa hiyo mashini iliyopona kisha ikaugua tena, na saa yake ikawa inapotea, ibadilishiwe betri hiyo kwanza. Wakati mwingine ile chipu ndogo yenyewe imechanganyikiwa. Ichomolee chaja na betri, shikilia kitufe nusu dakika, kisha irudishe. ThinkPad nyingi zina tundu dogo chini la kazi hiyo, linalobonyezwa kwa kipande cha waya mwembamba. Kadi mama iliyoungua kweli ipo, lakini iwe ya mwisho kushukiwa, na mteja aonyeshwe jaribio lililofikisha fundi hapo kabla ya kudaiwa dola za kadi nyingine.

Linabaki jambo moja lisilotibika kwa urahisi. Kampuni nyingi hufunga BIOS kwa nenosiri la msimamizi, na mashini ikiuzwa, nenosiri linabaki. Windows inawaka bila shida, lakini ukurasa wa umeme haufunguki, na agizo la kuwaka na chaja halizimiki. Kwenye ThinkPad kutoa betri ya saa hakusaidii, kwa kuwa nenosiri limehifadhiwa kwenye chipu isiyohitaji umeme. Mwenye mashini ya namna hiyo atalazimika kuchomoa chaja kila anapozima, au kununua soketi yenye swichi. Anayekwenda dukani leo asiridhike kuona Windows ikiwaka na betri ikishika. Amwombe muuzaji aingie BIOS mbele yake kabla ya kuhesabu pesa. Ikidai nenosiri na muuzaji hana, aombe nyingine.